Ulisema Mama Hakulia

Kabanga wangu,

Valizi yako ya safari iko mlangoni. Nimeifunga kamba juu ya zipu, kwa maana zipu ile siiamini, na usinicheke. Wewe umelala, au unajifanya umelala. Tangu utoto wako ukijifanya unapumua kwa nguvu kupita mtu aliyelala kweli. Baba yako amekaa sebuleni na viatu vya kesho miguuni, anasema hivyo hatatuchelewesha. Mimi niko jikoni na kalamu yako. Ninaandika Kiswahili hiki cha kanisa, kile ninachowasomea watu Jumapili, kwa sababu kile chetu cha lupango, cha uani kwetu, kiko karibu sana na moyo, na nikikitumia kwa jambo hili sitafika ukurasa wa pili. Soma ndani ya ndege, siyo hapa. Hapa nitakataa kila kitu.

Mambo ya kawaida nayaruka. Shangazi zako wamekwisha kukushauri kuhusu maji ya Dakar, wanaume wa Dakar na wali wa Dakar, na hakuna hata mmoja wao aliyefika huko. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya filamu yako. Nimengoja wiki nyingi upate nafasi, kumbe aliyekosa nafasi ni mimi, maana kila ulipokaa karibu yangu nilisimama kwenda kuangalia sufuria.

Jioni ile mlipoionyesha katika ukumbi wa masomo yenu, taa zilipowashwa, mwanamke mmoja alinyanyuka nyuma yangu. Simjui. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeguswa. Akauliza: “Na mama ya bale batoto, yeye hakulia?” Wewe ulikuwa mbele na mikrofoni, umevaa robe niliyokushonea, lile gauni jeusi. Ulinitafuta kwa macho mpaka ukanipata. Kiisha ukajibu: “Hapana. Mama hakulia.” Watu wakaguna kidogo, wakapita kwenye maswali mengine, habari za kamera na za umeme. Mimi nilibaki na jibu lako, na sikusikia tena kitu mpaka tulipokuwa njiani kurudi nyumbani Katuba. Baba yako, unamjua, mtu wa maneno machache kama mawe, aliniambia ndani ya gari bila kunitazama: “Mutoto alibeba haya yako mbele ya bantu.”

Sikukukasirikia hata kidogo. Ulisema uongo ili unilinde, na uongo ule mimi ndiye niliyekuwekea mdomoni. Lakini kesho unaondoka, na sitaki uende nao.

Mengine unayajua. Niache niyaseme yote hata hivyo, kwa maana wakati ule ulikuwa mdogo na uliyaona kutoka chini, kwenye magoti ya watu.

Mlipozaliwa, Mbuyi mbele na wewe Kabanga nyuma, lupango letu lilijaa wanawake wa Kasai wakiimba matusi. Ndiyo desturi ya kwetu: mapasa, yaani pacha, wanapokelewa kwa nyimbo za aibu, na wazazi wao wanatukanwa mpaka wachoke. Majirani ambao si watu wa Kasai walichungulia juu ya ukuta wakidhani kuna ugomvi wa mali. Baba yako akaitwa Shambuyi, mimi nikaitwa Mwambuyi, mama wa Mbuyi, na mpaka leo pale sokoni hakuna anayejua jina langu la ubatizo. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nikajiona malkia. Kaku, mama wa baba yako, alipanda treni kutoka Kasai kwa ajili yenu, akanifundisha sheria: kila kitu viwili, vya namna moja, kwa saa moja. Ukimnyonyesha mmoja, mwingine naye apewe titi lake. Ukimchapa mmoja, mwingine aguswe kidogo, ili asijione mgeni nyumbani. Nilizicheka sana sheria zile, na nilizifuata zote.

Mlikuwa mmeanza tu masomo Mbuyi alipopata homa. Neno tunalosema unalijua: alirudi. Kwetu mapasa hawafi, wanarudi walikotoka, na anayerudi anaweza kumwita mwenzake. Tulitoka hospitali baba yako amembeba, amefunikwa kikwembe changu cha kiunoni, na mlangoni Kaku alikuwa ananingoja. Alinishika taya kwa mkono mmoja, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto anayekataa dawa. “Usilie,” aliniambia. “Mapasa hatubalilie. Ukilia, ule ingine ataona njia iko wazi, atamufwata mwenzake.” Akakuonyesha kwa kidole. Ulikuwa umekaa chini kwenye simenti, unakula karanga.

Basi sikulia. Walinipaka pemba usoni, ule udongo mweupe, nikaimba zile nyimbo za matusi nyuma ya jeneza dogo mpaka makaburini, na nikacheza. Nilicheza vizuri, Kabanga. Wanawake walinisifu. Kila mara kilio kilipopanda nilikuangalia wewe mgongoni mwa shangazi yako, nikapaza sauti. Nilicheza kwa ajili yako. Mwili wangu ulitaka kulala chini kwenye ule mchanga mwekundu, nikaukatalia, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amekwenda na mwingine alikuwa bado ananitazama.

Siku chache baadaye ukaniuliza swali. Nilikuwa nachambua majani ya sombe. Ulisema: “Mama, siku ya Mbuyi ulikuwa unafurahi?” Nilikupiga mdomoni. Mkono ulitoka wenyewe. Hukulia, ulikwenda kukaa nyuma ya choo, na hukuuliza tena, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Mara nyingi nilijiambia umesahau.

Kiisha nikawa mama mgumu. Ulikohoa, nikakesha. Ulichelewa kutoka masomoni Kasapa, nikasimama barabarani na kitambaa cha kulalia kichwani, mpaka madereva wa bus wakanijua. Nilikukataza baiskeli, nilikukataza kuogelea, nilikukataza harusi ya binamu yako kule Mitwaba kwa sababu ya barabara. Siku moja nilikusikia ukimwambia baba yako: “Mama hanipende, ananichunga tu sawa mufungwa.” Nilikuwa nyuma ya pazia na sindano mdomoni. Ningeweza kutoka. Nilimaliza kushona pindo.

Ndipo mwaka jana ukaja na karatasi zako. Ulisema mwisho wa masomo kila mwanafunzi anatoa filamu fupi, na yako itaitwa Mbuyi Iko Wapi. Uliziacha juu ya mashine yangu ya kushona, ukaenda kuoga. Najua uliziacha makusudi, wewe si mtu wa kusahau karatasi. Nilizisoma nimesimama. Ulikuwa umechora kila picha kabla ya kuipiga, vijitu vya penseli ndani ya viboksi: mapasa wawili wanacheza, mapasa wanaitwa kula, kitanda, na mwisho mwanamke anacheza nyuma ya jeneza na mtoto anaangalia. Chini ya kiboksi kile uliandika: “Mama anafurahi. Mtoto haelewi.”

Ningekuita kutoka bafuni wakati uleule. Ningesema, Kabanga, siyo hivyo. Badala yake, ulipotoka na maji kwenye nywele, nilikuuliza: “Bale batoto ya filamu, nani atabashonea marobe?” Ukajibu: “Weye, Mama, kama unapenda.” Nikasema ninapenda. Ndivyo tulivyo sisi wawili. Ulikuwa umeniuliza tena lile swali la sombe, safari hii kwa penseli, na mimi nikakujibu kwa vipimo vya shingo na mabega.

Sikujua kwamba filamu ya dakika chache inaweza kula watu kiasi kile. Mvua zilikuwa zinaisha. Mlikuja na Trésor, yule kijana mwembamba wa kamera ambaye alimaliza bukari yangu, ugali wangu, kuliko wote, na wenzenu wa sauti na wa taa. Mlihamisha kabati. Mlifunika dirisha kwa blanketi langu la harusi. Jirani akawasha redio, mkaenda kumwomba azime; alipozima, umeme ukakatika; umeme uliporudi, jogoo. Baba yako alipita mbele ya kamera na kopo lake la maji mara nyingi hata Trésor akasema tumwandikie nafasi yake. Siku zile nilicheka kuliko nilivyocheka miaka mingi. Nilikuona ukitoa amri kwa sauti ndogo na watu wakubwa wakikusikiliza. Ulichora chaki chini ili watoto wajue pa kusimama. Ulirudia, ukarudia, na hukuchoka wala hukumfokea mtu. Nilijiuliza uvumilivu ule umeutoa wapi. Si kwangu.

Mapasa wenyewe hawakuwa mapasa. Uliogopa kuchukua wa kweli, na ulifanya vizuri. Ulimchukua Gracia, mtoto wa jirani, na binamu yake Naomie, wanalingana kimo, na marobe yangu mawili ya maua mekundu yalifanya kazi iliyobaki. Nafasi ya mama ulimpa msichana wa masomo yenu mwenye kucha ndefu. Kucheza alijua, zile picha za jeneza alizimaliza haraka. Lakini jikoni, maskini, alishika mwiko wa bukari kama unaweza kumwuma. Ulijaribu naye asubuhi nzima, unga ukamwagika mpaka kwenye waya za taa. Mwishowe ulikuja kwangu. Hukuomba, ulisimama tu. Nikafunga kitambaa kichwani, nikaingia jikoni kwangu mwenyewe kuigiza kwamba niko jikoni kwangu.

Ulinieleza kazi yangu: “Mama, usiangalie kamera. Unapika, kiisha unabaita bakuye kula. Njo ile tu. Batoto banatoka inje, banaingia, banakaa, mi nasema coupez, kamera inasimama.” Kitu gani rahisi kuliko hicho? Mara ya kwanza kifuniko kilianguka. Mara ya pili Gracia aliangalia kamera akacheka. Tukaendelea hivyo hivyo, na kila mara nilisema “kuyeni mukule” bila jina lolote, na wewe hukunirekebisha. Trésor ndiye aliyesema, kwa adabu: “Mama, baite na majina, itakuwa muzuri zaidi.”

Naomie alikuwa amechoka na hakuna aliyejua. Robe ilimwasha shingoni, kosa langu, nilishona haraka sikukata nyuzi za ndani. Alikwenda nyuma ya nyumba kuivua, hakumwambia mtu. Wewe ulikuwa ndani, nyuma ya Trésor, huoni uwanja. Ukasema “action”. Nikageuza bukari, nikaita: “Mbuyi! Kabanga! Kuyeni mukule!”

Sikutegemea itoke hivyo. Ilitoka na sauti yangu ya wakati ule, jina la kwanza likipanda juu, la pili likishuka. Nilikuwa sijaita namna ile tangu aliporudi. Na mlangoni akaingia mtoto mmoja.

Mmoja, na robe ya maua mekundu. Nilingoja. Nilisimama na mwiko mkononi, nangoja mwingine aingie nyuma yake. Gracia naye akageuka kuangalia nyuma, na hapakuwa na mtu.

Yaliyofuata wewe uliyaona vizuri kuliko mimi. Nakumbuka nimekaa chini na bukari inaungua. Nakumbuka sauti, na nikawaza, huyu nani anayelia namna hii ndani ya nyumba yangu? Wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilio chenyewe ndicho nilichokuwa nimekificha. Gracia alikuja akaniwekea mkono begani, akaniuliza: “Mama, juu ya nini unalia?” Nami nikamjibu mtoto wa watu kile nilichokunyima wewe. Nilisema: “Mbuyi alikufa.” Sikusema alirudi. Nilisema alikufa, na nikarudia, na kila niliporudia nilimwona vizuri zaidi, na pengo lake la meno, na magoti yake yenye vidonda. Wewe ulikuwa umeweka kiganja mdomoni. Hakuna aliyesema coupez.

Kiisha hofu ikanishika. Nilinyanyuka, nikaja kwako na mikono ya unga, nikakupaka unga kwenye paji la uso kwa kukosa pemba ya kukukinga, na nikasema mbele ya wenzako: “Futa ile. Futa sasa hivi.” Ulijibu polepole: “Mama, ile njo filamu yenyewe.” Nikapiga kelele. Nilikuwa sijawahi kukupigia kelele mbele ya watu, unakumbuka. Trésor alishusha kamera, na wewe ukasema sawa.

Pengine ingeishia hapo, lakini wiki ileile ukapata homa. Daktari alisema ni malaria tu, nusu ya Katuba ilikuwa nayo, akatoa dawa. Lakini mimi nilikwisha kuona homa kama ile kwenye kitanda kilekile. Nilikaa karibu yako nikaimba zile nyimbo za matusi kwa sauti ndogo, na baba yako akatoka nje. Nikakuambia: “Kama unanipenda, utatoa ile mu filamu.” Midomo yako ilikuwa imekauka. Ulisema: “Nitaitoa, Mama.” Kesho yake homa ikashuka. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini? Mimi nilifikiri nimekuokoa.

Ulipopona ulijifungia na kompyuta kufanya montage, kuunga zile picha. Nilikuwa nakuletea chai na nakuta ile ya kwanza imepoa. Siku moja ukanivuta kiti nikae. Ulinionyesha jinsi unavyochukua mlango wa asubuhi ukauunga na hatua za jioni, na macho yanakubali. Ulipunguza kicheko cha Gracia kidogo tu, mwishoni, na kicheko kilekile kikawa cha kuhuzunisha. Niliona ni kazi ya ajabu, na niliona unaipenda, na niliona fahari. Kiisha tukafika jikoni. Ninageuza bukari, ninaita, na mara mlango, mweupe, kimya, hakuna anayeingia. Halafu moja kwa moja yule msichana wa kucha, anacheza nyuma ya jeneza.

Nilikuuliza: “Na pale katikati?”

“Pale katikati ulisema nitoe.”

Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unaniangalia tu, kidole juu ya kompyuta, unangoja. Ungetosha mguno wangu mmoja. Nilisema: “Ni muzuri hivi.” Ukabonyeza, ukaendelea na kazi.

Pale ndipo nilipokosea kabisa, Kabanga, kuliko lile kofi. Kofi lilitoka kwa mkono ambao haukufikiri. Pale nilifikiri. Niliona kwamba bila pale katikati, yule mwanamke anayecheza ni mama asiye na moyo. Niliona kwamba wewe sasa unaijua kweli, uliipata baada ya miaka yote ile, na kwa kunihurumia unaunga filamu kinyume cha ulichokiona kwa macho yako. Yote niliyaona. Nikachukua kikombe chako cha chai iliyopoa, nikatoka.

Ndiyo sababu yule mwanamke ukumbini aliuliza. Alihisi tundu. Mwalimu wako naye alilihisi, alisema filamu ni nzuri lakini ina tundu katikati, na wewe ukakubali kwa kichwa bila kujitetea. Mtu mwingine angesema: mwulizeni mama yangu, amekaa pale.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui, hata baba yako halijui vizuri. Kaku alipokuwa mgonjwa mwisho, mimi ndiye niliyemwogesha. Nilikuwa bado na kinyongo naye juu ya mkono ule kwenye taya yangu. Siku moja nikamkausha miguu, nikamwuliza: “Kaku, nani alikuambia mapasa hatubalilie?” Akasema kwamba kabla ya baba yako alizaa mapasa, wa kiume wote wawili. Mmoja akaenda. “Mimi nililia,” alisema. Yule mwingine akafuata kabla ya mvua kuisha. Aligeukia ukutani, na mimi nikaendelea kumkausha miguu, na kinyongo kikaisha mikononi mwangu. Kumbe siku ile mlangoni hakuwa ananinyima kitu. Alikuwa ananipa kile alichokosa kupewa yeye, na ninaamini aliogopa kuliko mimi, ingawa mimi nilisikia nguvu tu.

Je, alikosea? Sijui. Watoto wengi walikufa miaka ile, mapasa na wasio mapasa, kwa surua na homa na njaa. Padri ameniambia niache mambo haya, na mchana nimeyaacha. Jua likizama siko na hakika. Sitaki kukuandikia kama mama aliyeelimika ghafula kwa sababu mwanawe anakwenda kusoma. Ninachojua ni hiki: sikulia, na wewe uliishi, na uliishi ukidhani mama yako alifurahi siku alipomzika dada yako. Nilikuwa nakuchunga usife, sikuangalia kitu kingine. Ulikua pembeni yangu na swali lako mdomoni, na mimi nilihesabu tu kama unapumua.

Kazi unayokwenda kujifunza ni kuangalia watu. Nimekuona ukiifanya, unaangalia bila kumharakisha mtu, na mtu anasahau na anatoka alivyo. Usiipoteze. Lakini usimtoe mtu ndani ya filamu kwa sababu unamhurumia. Mimi ulinihurumia, na nikabaki nje ya filamu ya mtoto wangu mwenyewe, nasikiliza watu wakiniuliza niko wapi.

Juzi ulipokuwa unapanga valizi nilikuona ukizungushia soksi ile diski yako nyeusi. Nilikuuliza iko na nini ndani. Ulisema: “Bintu yote tulikamata, Mama.” Nikauliza: “Hata ile?” Ukafunga soksi. “Hata ile. Nilishindwa kuifuta.” Ulifikiri nitakasirika. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani, na sikukasirika.

Umesema wiki ya kwanza huko Dakar kila mmoja ataonyesha kazi yake. Basi ifungue tena. Rudisha pale katikati. Yote, na bukari inayoungua, na kamasi, na ile sauti mbaya. Usinipunguze mwishoni kama kicheko cha Gracia. Mtoto mmoja aingie, mimi ningoje, na niseme lile neno. Kiisha ndipo waone yule mwanamke anacheza, waelewe anafanya nini. Wasipoelewa, si kitu, wewe umeelewa. Na mtu akinyanyuka huko akuulize kama mama wa wale watoto alilia, usinitafute kwa macho. Mwambie alilia, alichelewa sana, lakini alilia.

Ninaogopa, Kabanga. Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Utakuwa mbali, utapata homa siku moja kama watu wote, na mimi nitakuwa hapa na simu mkononi nikijua ni mimi niliyesema iwekwe. Sijui nitafanya nini siku ile.

Iweke hata hivyo.

Mama yenu,
Mwambuyi